Chura Chini ya Beseni

Katika nyumba ya kupanga, mtihani wa kidato cha sita haufanywi na mtahiniwa peke yake. Unafanywa na korido nzima: anayechangia umeme unaowaka hadi usiku wa manane, anayepika mapema ili jiko liachwe wazi, anayepunguza sauti ya redio wakati taarabu imenoga. Wote hao nimewaona kwa macho yangu, na nawaheshimu. Nimeona pia jinsi mtihani huohuo ulivyokaribia kumvunjia heshima bibi mmoja asiye na kosa, na hicho ndicho kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Kwetu ni Buguruni, Dar es Salaam, upande unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi. Nyumba ni ile ya Kiswahili ya zamani: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na uwani nyuma penye majiko, choo, bomba na kamba za nguo. Mwenye nyumba anaishi humohumo, chumba cha mbele. Mimi nauza mboga, na kabla ya adhana ya alfajiri huwa nimeshatoka kwenda sokoni Ilala. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu hajaota meno ya pili. Huniita mama mdogo. Alikuwa akisoma shule ya serikali ya kutwa, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na tangu yupo darasa la tano hajawahi kutaja kazi nyingine ila udaktari.

Mzazi asiyepita njia hiyo haujui ugumu wake. Mtihani wa Baraza la Mitihani huanza mwezi wa Mei. Masomo ya sayansi yana karatasi mbili za nadharia na ya tatu ya vitendo. Juu ya hayo mtoto wa PCB anabeba Hisabati Tumizi, ile wanayoiita BAM, pamoja na Maarifa ya Jumla. Alama A ni kuanzia 80, S inaishia 35, na chini ya hapo ni F. Vyuo vikuu vinapochagua wa kusomea udaktari vinaangalia yale masomo matatu ya mchepuo, na Kemia na Baiolojia zikichechemea, mlango umefungwa.

Binti yetu hakuwa na tatizo la nadharia. Madesa yake yalijaa mfuko wa sulufeti. Alikuwa na Nelkon ya Fizikia iliyokwisha jalada, na kile kitabu kinene cha Baiolojia wanachokiita BS alikinunua kwa mafungu kwa muuza vitabu vya mitumba. Pasti pepa alizisolvu mpaka za miaka ambayo yeye hajazaliwa. Tatizo lilikuwa karatasi ya tatu.

Darasani kwao wanafunzi ni wengi na vifaa ni vichache. Bureti moja huzungukwa na kundi zima. Mwenye ujasiri anashika bomba, wengine wananakili namba. Yeye ni mpole, kwa hiyo miaka miwili alikuwa mwandishi wa namba za wenzake. Mwezi wa Februari, kwenye mtihani wa utimilifu, kila mtu alisimama peke yake mbele ya bureti yake. Mkono ukamtetemeka, akafungulia mno, rangi ikageuka ikapitiliza, na alipoanza upya asidi aliyopimiwa ikamwishia. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akaniambia: "Mama mdogo, najua kila kitu isipokuwa kukifanya."

Sentensi hiyo ilinikaa kifuani. Nakumbuka Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia, wananchi tulichangishwa nchi nzima. Nami nilichanga, tena kwa moyo. Kuta zilisimama. Lakini maabara inakula kila mwaka: asidi inaisha, kioo kinavunjika, gesi inakauka, na pale ambapo hakuna fundi wa maabara, mlango unashinda na kufuli. Mtihani wa vitendo unapima mikono, na mikono haifunzwi kwa madesa.

Basi nyumba yetu ikageuka maabara.

Alianza na penduli. Alifunga kufuli kuukuu kwenye uzi wa mita moja akalining'iniza kwenye boriti la korido, kwa sababu ndipo pekee pasipo na upepo. Uzi wa mita moja unakwenda na kurudi kwa sekunde mbili hivi. Yeye huhesabu mizunguko ishirini, anagawanya, anafupisha uzi, anarudia. Kwa muda huo hakuna mtu kupita. Wanawake wenye ndoo kichwani walisimama wakasubiri, na wengine wakaanza kumsaidia kuhesabu. Kisa kilitokea usiku umeme ulipokatika: kijana wa bodaboda wa chumba cha tatu aliingia gizani na kufuli likampata katikati ya paji la uso. Alivimba. Lakini kijana yule ana moyo. Asubuhi yake ndiye aliyepigilia msumari mwingine, pembeni kule ambako hakuna anayepita. Kwenye grafu yake binti alipata mvutano wa dunia 9.6. Kitabu kinasema 9.8. Kwa kufuli na saa ya simu, mimi naona alifanya kazi ya kupongezwa.

Ikafuata siki. Hana bureti, kwa hiyo alinunua bomba la sindano la mililita kumi duka la dawa, bila sindano. Akachemsha rosela, ile choya nyekundu, kwani maji yake yakikutana na ndimu au siki hubaki mekundu, na yakikutana na magadi hugeuka buluu ya kijani. Akawa anadondosha siki kwenye maji ya magadi, tone kwa tone, macho yakiwa usawa wa mstari wa bomba, anasoma chini ya lile bonde la maji na si kwenye kingo zake. Anaandika, anamwaga, anaanza tena, mpaka majibu yafanane. Mkono ule uliotetemeka Februari nikauona unatulia Machi. Yale ya ayodini na bakuli la uji lililogeuka jeusi sitayaeleza kwa kirefu; itoshe kujua kwamba ayodini ikigusa wanga hufanya hivyo, na kwamba uji ulikuwa wa mtoto wa jirani na haukunywewa.

Manung'uniko yalikuwepo. Mita ya LUKU ni moja, tunachanga kwa vyumba, na mtoto anayekesha anakula yuniti. Mwenye nyumba alisema, nikaongeza mchango wangu, yakaisha. Kubwa zaidi lilikuwa kati ya mwenye nyumba na bibi wa chumba cha mwisho. Bibi huyu ni mjane, Msukuma, alimfuata mwanawe mjini, mwanawe akafariki, naye akabaki. Anaishi kwa kukaanga vitumbua. Kodi yake ilikuwa imechelewa, na maneno makali yalikuwa yamepita baina yao mbele ya watu wiki ileile. Yashike hayo, maana bila hayo hutaelewa jinsi chura alivyofika kwa mjumbe.

Masika yalikuwa yameingia. Uwani kulikuwa na vidimbwi, na usiku vyura walilia kutoka bondeni mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Karatasi ya vitendo ya Baiolojia humdai mwanafunzi apasue mnyama, chura au panya au mende, aonyeshe mfumo anaoulizwa, achore alichokiona. Shuleni kundi lao lilipewa chura mmoja, na aliyeshika mkasi si yeye. Mwalimu wake wa Baiolojia, mtu mwema sana, akampa chura mmoja aliyekwisha kufishwa kwa dawa maabara, katika kopo lenye maji ya chumvi, akamwazima na mkasi na koleo ndogo. Akamwambia afanye kwa adabu na anawe mikono, kwa sababu ngozi ya chura ina tezi za sumu.

Alifanya usiku ule nikiwa nimeshalala. Hana trei la nta, akayeyusha mishumaa kwenye sinia kuukuu. Akamlaza chura chali, akamkaza miguu minne kwa pini alizoomba kwa fundi cherehani, akampasua tumbo vizuri, akafunua ngozi pande mbili. Kila kiungo akakichomekea pini yenye kibendera cha karatasi chenye herufi moja: H, L, S, K, yaani moyo, ini, tumbo na figo kwa Kiingereza cha mtihani. Kando ya sinia akaacha chupa ndogo ya mrututu, ile chumvi ya buluu aliyoinunua kwa ajili ya majaribio ya Kemia. Umeme ukakatika kabla hajachora. Akafunika sinia kwa beseni lililokuwa karibu, ili paka asije, akaingia kulala. Alfajiri alishtuka kachelewa, akakimbilia daladala. Mimi nilikuwa tayari Ilala napanga mchicha.

Beseni lilikuwa la mwenye nyumba. Alilifunua saa kumi na mbili na nusu.

Jiweke mahali pake. Mwanga wa asubuhi haujakolea, mvua inanyunya, na mbele ya mlango wako wa nyuma kuna chura chali, tumbo wazi, miguu kapigiliwa, mwilini vibendera vyenye herufi, chini yake nta ya mishumaa, pembeni chupa ya kitu cha buluu. Na wiki hiyohiyo umegombana na mtu. Yowe alilopiga lilitoa watu nyumba tatu. Hakuna aliyemtaja bibi mara moja. Walitazamana tu, kisha wakatazama chumba cha mwisho. Mtu mmoja akasema ana macho mekundu. Mwingine akasema H ni herufi ya kwanza ya jina la mwenye nyumba, na kweli ndivyo ilivyo.

Bibi alikuwa ametoka na karai lake. Aliona macho ya watu, akaliacha karai motoni, akarudi ndani akafunga mlango. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga. Alikotoka yeye, neno la uchawi halisubiri ushahidi. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo ni kazi ya moshi wa kuni na samadi waliopikia maisha yao yote. Yeye anawajua waliokufa hivyo kwa majina. Nikifikiria kwamba kitu kama hicho kilipita uwani kwetu, kati ya watu wanaosalimiana kila asubuhi, bado natetemeka.

Nilipigiwa simu: "Rudi nyumbani, kumechafuka." Niliacha meza kwa jirani nikapanda bodaboda. Nilipofika, mjumbe alishaketi kwenye kiti cha plastiki, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, na sinia mbele yake. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Nilipoona zile pini nikazijua, maana nilikuwepo fundi alipompa. Nikasema, hii ni kazi ya shule ya mwanangu. Wengine waliamini, wengine walidhani namfichia bibi. Mjumbe akasema neno ambalo namshukuru mpaka leo: "Aitwe mtoto mwenyewe. Na mpaka afike, asitajwe mtu hapa. Sheria ya Uchawi ipo tangu wakati wa Mwingereza, mwaka 1928, na haimgusi mchawi peke yake. Inamgusa na anayemtaja mwenzake." Uwani kukatulia.

Kijana wa bodaboda, yule wa paji la uso, alikwenda kumchukua shuleni. Binti alishuka na sare yake, akaona umati, akaona beseni limefunuliwa, akaelewa. Alipiga magoti. "Shikamoo mjumbe. Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni nini?"

"Ni chura wangu wa praktikali."

"Hebu tueleze."

Akaeleza. Mtoto huyu ambaye darasani alikuwa akinakili namba za wenzake alisimama mbele ya watu wasiopungua thelathini, akaanza na H. Akasema huu ni moyo, na moyo wa chura una vyumba vitatu, viwili vya juu na kimoja cha chini, tofauti na wetu wenye vinne. Kwa hiyo damu iliyotoka mapafuni na iliyotoka mwilini hukutana chumba kimoja. Mjumbe akauliza, sasa mbona hafi? Binti akajibu kwamba chura anapumua pia kwa ngozi yake ikiwa na unyevu, ndiyo maana hapendi jua na ndiyo maana masika wanatujia uwani. Wakina mama wakasogea. Mtoto mdogo akataka kuona ini, akaonyeshwa ndebe zake. Mtu akauliza nta ni ya nini, akaambiwa ni ya kushikia pini. Herufi nyingine zikasomwa moja baada ya moja.

Ikabaki chupa ya buluu. Alidhani atamaliza mashaka kwa kuonyesha. Akaweka chembe kidogo kwenye kijiko kibovu juu ya mkaa. Mrututu ukapoteza maji yake, ukawa mweupe kama unga. Akaudondoshea tone la maji, ukarudi buluu. Hapo waliokuwa wamesogea walirudi nyuma wote, na yowe la pili nusura litoke. Ikambidi aeleze tena, polepole, kwamba buluu ile inakuja na maji yaliyofungwa ndani ya chumvi, moto unayafukuza na tone linayarudisha. Kisha akawaonya kwamba mrututu ni sumu, kijiko kile kisirudi jikoni. Mjumbe mwenyewe alikichukua akakitupa.

Niseme wazi ninavyoliona jambo hili. Simlaumu mwenye nyumba kwa kushtuka. Aliyekiona kile kitu asubuhi ile angeshtuka. Lililo baya ni ule mtazamo wa watu kuelekea chumba cha mwisho, kwa haraka ile, kwa mtu maskini asiye na mwana wa kumtetea. Mjumbe naye aliliona. Aliwataka wote waliopo waende mlangoni kwa bibi. Mwenye nyumba alitangulia, akabisha, akasema mbele ya watu: "Mama, nimekukosea kwa moyo wangu, nisamehe." Bibi alifungua. Kanga iliyofungwa nguo ilikuwa kitandani, wote tukaiona. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama kuna mtu aliyetazama mafuta yake ya vitumbua. Hakuna aliyetazama, yalikuwa yameungua. Mwenye nyumba alinunua mafuta mengine na unga, na kodi ile ikapewa muda.

Binti alimlilia bibi kwa kuacha sinia bila kuaga mtu. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, ukifunika kitu, sema umefunika nini." Tangu siku hiyo majaribio yote yalifanyikia nje ya chumba cha bibi, kwenye meza yake ya vitumbua, mchana, watu wakiona. Watoto walimkamatia mende kwenye chupa. Wakubwa walimuuliza maswali, naye kila alipojibu alikuwa anajifunza. Nasisitiza hilo kwa wazazi wenzangu: mtoto anayeweza kumweleza jirani muuza vitumbua mzunguko wa damu ya chura hatababaika mbele ya karatasi.

Mwezi wa Mei alifanya mtihani. Siku ya Kemia vitendo alirudi akanionyesha mikono yake miwili, hakusema kitu, nami sikuuliza. Matokeo yalitoka Julai: Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D, daraja la kwanza la pointi tisa. Bibi alikaanga vitumbua vya korido nzima na hakumtoza mtu.

Sasa nina ombi kwa wakuu wa shule za kutwa. Fungueni maabara Jumamosi. Wekeni mwalimu mmoja au fundi, wekeni daftari la majina, na sisi wazazi tuambieni kinachopungua, iwe asidi, iwe bureti, iwe chura. Tulichanga kuta, hatutashindwa kuchanga vya kuweka ndani. Na wewe mzazi mwenye mtahiniwa wa sayansi katika nyumba ya watu wengi, kabla mtoto hajaleta kopo lolote nyumbani, pita mlango kwa mlango uwaambie majirani lina nini. Anza na chumba cha mwisho.